Baba Niliyemzaa

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyetoka kwenye dirisha la Ndinda na habari za mgonjwa asizostahili kupewa. Chifu mmoja alikuja akitaka kujua kama fulani ana kifua kikuu, akaambiwa alete fulani mwenyewe. Mchungaji alikuja na Biblia kwapani, akaambiwa aende wodini akaombe, kuomba hakuhitaji faili. Mume mmoja alisimama pale akipiga meza, anataka majibu ya damu ya mke wake, na Ndinda akamwangalia tu mpaka mkono ukamchoka. Watu wa Migwani walimsema. Walidai ana roho ngumu, ati anayalalia magonjwa ya watu kama kuku na mayai. Akisikia alicheka, maana kwake hiyo ilikuwa sifa.

Alizaliwa huko juu karibu na Tseikuru, kwenye boma la watu wa mbuzi, ambako siri haina pa kukaa. Mama yake alikuwa na kifafa. Akianguka, soko zima lilijua saa aliyoanguka, mahali, na nguo ilivyopanda mpaka wapi. Ndinda alikuwa na miaka tisa alipomsikia mwanamke kwenye foleni ya maji akiigiza mama yake anavyotupa miguu, na foleni nzima ikicheka, yeye akiwa amesimama hapo na mtungi wake. Alijaza mtungi, akaubeba nyumbani. Lakini nadhani hiyo foleni ndiyo iliyompeleka kwenye kazi ya faili, kuliko kile cheti alichokuja kupata Kitui mjini. Hospitali ya Migwani ilipomwajiri na kumpa funguo za chumba cha rekodi, alizifunga kwa uzi akazivaa shingoni, na hazijatoka hapo mpaka leo.

Binti yake wa pili alipozaliwa alipewa jina la huyo mama, Mwikali, na tangu siku hiyo Ndinda hakumwita kwa jina. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Mgeni akipita uani alisikia mwanamke mzima akimwambia mtoto wa chekechea, "Mama, njoo nikupanguse pua," akabaki ameduwaa. Sisi wa huku hatushangai. Mtoto akibeba jina la mzazi wako, basi amekuwa mzazi wako, na unamwita hivyo hata siku unayomfuata na fimbo. Hilo ni jambo la kila siku, na ndiyo maana lilimpita Ndinda pale alipolihitaji zaidi.

Baada ya corona fomu zilibadilika. Sheria ya kulinda habari za watu ilikuwa imefika hata kwetu, na kampuni za bima zikawa hazigusi dai lolote bila karatasi ya idhini. Mgonjwa anaulizwa: unakubali daktari aiambie bima unaugua nini? Unakubali bima imuulize daktari maswali? Halafu kuna kisanduku cha nne: mbali na wewe, ni nani mwingine apewe habari zako? Jina, na uhusiano. Ndinda alikipenda kisanduku cha nne kupita kiasi. Hatimaye serikali ilikuwa imeandika kile alichokuwa akikipigania peke yake. Aliwasomea wagonjwa kila swali kwa Kikamba, polepole, halafu jibu akaliandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu wengi walikuja bila miwani na wengine kusoma hawakujua kabisa.

Meza ya pili ilikuwa ya Haroun, mtu wa Mwingi ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa na hakurudi tena. Kazi ya Haroun ni mashine ya kidole. Mwenye bima anaweka kidole kwenye kioo, na sura yake na jina lake vinatokea. Vidole vya huku huisumbua mashine, vimelika kwa katani na kwa mchanga wa mtoni, kwa hiyo kutwa nzima Haroun hufuta kioo kwa spiriti na kusema, "Weka tena, mama." Amebakisha mwaka mmoja astaafu, na haoni sababu ya kuharakisha kitu.

Wayua alikuja Jumanne moja ya Oktoba, amejifunga leso ya kijani. Alikuwa fundi wa sare za shule hapo sokoni, miaka arobaini na sita, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwahi kuolewa na alimlea mwanawe wa pekee nyumbani kwa baba yake. Aliketi kwenye benchi lililo mbele ya dirisha, kiti cha tatu, akangoja zamu yake akiwa ameushikilia mkono wa kushoto kwa ule wa kulia. Daktari alikuwa amepata uvimbe kwenye titi, na kipimo kilikuwa kimerudi kibaya. Lakini ulikuwa bado mdogo. Akikatwa mapema, daktari alimwambia, atashona sare mpaka azeeke. Upasuaji ungefanywa Kitui, na kilichobaki ni barua ya kibali kutoka kwa bima.

Ndinda alimsomea fomu yote. Walipofika kwenye kisanduku cha nne akamuuliza ni nani mwingine apewe habari.

"Nau," Wayua akasema. Baba yangu. "Yeye peke yake. Dada zangu wasiambiwe, mtu mwingine yeyote asiambiwe."

"Jina?"

"Kilonzo."

"Namba ya simu?"

"Si iko kwa kadi ya bima? Hiyo kadi ni yake."

Ndinda aliandika: Kilonzo. Kwenye uhusiano akaandika: baba. Akapiga mstari chini ya maneno "peke yake", mara mbili, kwa kalamu ya buluu. Wayua alitia sahihi, halafu akainama karibu na dirisha na kusema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani kuna mtu ambaye akijua kabla yeye Wayua hajakatwa, basi hatakatwa. Ndinda akamwambia asiwe na wasiwasi. Alimwambia kwa kiburi kidogo, tuseme ukweli, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuteleza.

Barua ilifika baada ya siku tisa, Alhamisi, siku ya soko. Ilieleza kila kitu, ugonjwa na ulipo, upasuaji na tarehe yake, Jumatano iliyofuata. Ndinda aliiweka kwenye bahasha, akaandika namba ya faili, akaitia kwenye droo. Kabla ya saa sita mzee mmoja akasimama dirishani. Alikuwa mrefu, koti lake limepigwa pasi, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho. Kofia aliivua kabla ya kusema.

Alisema amesikia sokoni kwamba binti yake Wayua ameonekana hapa mara tatu, na yeye haambiwi kitu. Anataka tu kujua kama ni jambo la kumtia hofu.

Ndinda alianza wimbo wake wa siku zote, kwamba habari za mgonjwa hazitolewi, na mzee akatikisa kichwa kwa adabu, akaanza kuivaa kofia yake. Kama angepiga kelele, yasingetokea yaliyotokea. Kelele Ndinda aliziweza. Ile adabu ndiyo iliyomfanya avute faili, angalau ahakikishe. Akaona mistari miwili ya buluu. Kilonzo, baba, peke yake.

"Kitambulisho chako uko nacho, nau?" akamuuliza, maana nasi wazee wote tunawaita baba.

Mzee akatoa kitambulisho kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Kilonzo. Ndinda alifurahi. Hilo ndilo analolikumbuka kwa aibu kubwa kuliko yote, kwamba alifurahi. Kwa mara moja sheria na huruma zilikuwa zimekubaliana, na yeye ndiye aliyeshika bahasha. Alimkaribisha ndani, akampa kiti, akamwekea kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza kwenye daftari la kutolea barua, akatia sahihi yake kando. Mzee aliigeuza ile barua, akaiinua mbele ya jicho lake zima, akaishusha.

"Nisomee, mwaitu," akasema. "Macho yamekataa."

Akamsomea. Alimsomea yote kwa Kikamba kizuri, na pale Kizungu cha daktari kilipokuwa kigumu alisimama akaeleza. Alisema titi, alisema kukatwa, alisema Jumatano. Mzee alisikiliza akiwa amekiweka kiganja juu ya goti. Barua ilipoisha akasema, "Kwa hivyo ni kama mama yake," na Ndinda hakuelewa, akadhani ni neno la huzuni tu. Mzee akaomba mikono ya Ndinda. Akaikunjua, akatema mate kidogo kwenye kila kiganja, akambariki kama mtu anavyombariki mtoto wake, kwa sababu hapo hospitalini, alisema, hajawahi kuongeleshwa kama binadamu. Kisha akaondoka na bahasha ndani ya koti.

Jumatatu asubuhi Wayua alikuwa kwenye benchi, kiti cha tatu, leso ile ile. Zamu yake ilipofika hakuketi. Alisema amekuja kutia sahihi kwamba upasuaji hataki tena.

Ndinda alimuuliza kwa nini, na Wayua akamweleza akiwa amesimama, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama yake alikatwa titi miaka mingi iliyopita, kwenye hospitali kubwa ya mbali, ugonjwa ukiwa umeshakula mpaka mapafu, akafa baada ya wiki tatu. Tangu hapo baba yake aliamini kwamba kisu ndicho kilichoua, na hakuna daktari aliyeweza kumng'oa hapo. Ndiyo maana hakutaka ajue. Angekatwa kwanza, apone, halafu amwonyeshe baba yake kovu akiwa mzima.

"Alhamisi alikuja kwangu na barua mkononi," Wayua akasema. "Hakunifokea. Alipiga magoti. Baba yangu, mtu wa miaka themanini, alinipigia magoti akalia, akasema, nimezika mama yako akiwa ameshonwa kama gunia, nisikuzike wewe hivyo. Sijawahi kumwona akilia. Sasa nitamwambia nini?"

"Lakini si wewe uliandika apewe baba," Ndinda akasema.

Wayua alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Nilisema nau. Kilonzo wangu. Mwalimu wa Kikima, mwenye bima." Na alipoona Ndinda bado ametoa macho akamwelezea, kama anavyoelezewa mtu wa kuja. "Baba niliyemzaa."

Chumba kilikuwa kimejaa watu, na Haroun alikuwa akimwambia mtu aweke kidole tena. Ndinda alijua kila kitu kwa mara moja. Mtoto wa kiume, amepewa jina la babu, mama yake anamwita baba. Nyumbani kwake mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa amemfunga mama yake tai ya shule. Kama angeuliza swali moja tu, baba yupi, angejibiwa kwa neno moja.

"Nani alimpa barua?" Wayua akauliza.

Hapa ndipo ninapomlaumu Ndinda, na nimemlaumu akiwa ananisikia. La kwanza lilikuwa kosa, na kosa ni la binadamu yeyote. La pili alilichagua.

"Ni bima," akasema. "Hao hupiga simu wenyewe. Lazima walimpata kwa simu, wakamtumia."

Wayua aliamini. Alitia sahihi kwenye karatasi ya kukataa matibabu, mahali alipoonyeshwa, akasema asante. Miezi kumi baadaye alizikwa. Ndinda alienda mazishini akasimama nyuma kabisa, karibu na ghala, na mzee Kilonzo alipokuwa akisaidiwa kurudi kwenye kiti alimwona. Akamwinamishia kichwa kidogo, kwa heshima, bila kumwambia mtu aliye kando yake huyo ni nani. Ndinda alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita saba.

Faili za waliofariki haziruhusiwi kukaa na za walio hai. Huwekwa alama nyekundu kwenye pembe na kupelekwa chumba cha nyuma. Ndinda aliipeleka faili ya Wayua kwa mkono wake. Wiki mbili baadaye aliikuta kwenye rafu ya walio hai, mahali pake pa zamani, kati ya Wavinya na Wayua mwingine wa Kyome. Akairudisha nyuma. Mwezi ulipoisha ilikuwa imerejea tena. Funguo za vyumba vyote viwili ziko shingoni kwake na hakuna mwingine mwenye nazo, kwa hiyo ama marehemu anatembea, ama Ndinda mwenyewe ndiye anayeibeba bila kujijua. Aliwaza yote mawili, na hakujua ni lipi lililomtisha zaidi.

Halafu likaja jambo la mashine. Mwanamke mmoja wa makamo aliweka kidole kwenye kioo cha Haroun, na skrini ikaleta sura ya Wayua, amejifunga leso ya kijani, chini yake jina lake na alama kwamba idhini bado inafanya kazi. Ndinda aliiona akiwa mezani kwake. Haroun aliguna, akafuta kioo kwa spiriti, akasema, "Weka tena, mama," na mara hii ikatokea sura ya mwenye kidole. Kioo kikiwa kichafu, alisema Haroun, mashine hushika chochote. Huenda ni kweli, maana yeye ndiye anayeijua mashine. Lakini jioni, alipokuwa akifunga, alimwambia Ndinda bila kumwangalia, "Dada, mimi siulizi. Lakini huyo mtu unayemwongelesha kwenye benchi, mwambie akuachilie."

Kwa maana alikuwa akimwongelesha. Mwanzoni hakuona mtu, ilikuwa ni kiti cha tatu tu ambacho watu hawakukaa. Foleni ikijaa mpaka mlangoni, kiti cha tatu kilibaki wazi, na ukimuuliza mgonjwa atasema anaona vizuri tu kusimama. Baadaye alianza kuiona leso, kwa pembeni ya jicho, wakati ameinamia fomu. Akiinua uso haipo. Ilikuwa mbaya zaidi alipofika kwenye kisanduku cha nne. Kila mgonjwa aliyesema "nau", au "mwaitu", Ndinda alisikia sauti nyingine ikimfuata nyuma, ndogo, ya mtu aliyeinama karibu na dirisha. Sasa akawa anauliza mara tatu, mara nne. Baba yupi? Wa kukuzaa au uliyemzaa? Jina la tatu ni lipi? Wagonjwa wakachoka. Walisema yule mama wa rekodi ameanza kuzeeka vibaya.

Nyumbani aliacha kumwita mtoto mwaitu. Hakuamua, ilitokea tu, neno lilikataa kutoka. Akaanza kumwita Mwikali, jina lake kamili kama la kwenye rejista, na mtoto, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akamuuliza siku moja, "Nimekukosea nini?" Ndinda alisema hakuna. Viganja vyake vilikuwa vikimwasha tangu mazishini, pale pale mzee alipotemea. Aliviosha kwa sabuni ya kufulia, aliviosha kwa spiriti ya Haroun, akapaka mafuta ya watoto. Daktari aliviangalia akasema haoni kitu.

Ukurasa wenye dole gumba la mzee ungekuwa umechanwa zamani na mtu mwingine. Daftari lilipojaa Ndinda alilificha chini ya kabati, nyuma ya maboksi ya wino wa printa, lakini kuchana hakuweza. Katika miaka yote hakuwahi kuchana ukurasa, na huo ulikuwa usafi wa mwisho aliobaki nao.

Mwaka jana mwezi wa pili kijana wa miaka ishirini na saba alisimama dirishani, shati jeupe, chaki bado kwenye kucha. Alikuwa na macho ya Wayua. Alisema kampuni ya bima inataka ripoti ya mwisho ya hospitali ndiyo imwondoe marehemu mama yake kwenye kadi, na yeye amelichelewesha jambo hilo mwaka mzima na nusu. Kila akijaza fomu, alisema, anaona kama anamfuta.

Ndinda alimwambia apite ndani. Alimpa kiti kile kile alichompa babu yake, na alipogundua hivyo kijana alikuwa tayari ameketi. Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili. Ilitosha kumpa hizo mbili, aende zake Kikima, mambo yaishe. Aliziweka mezani, akamwonyesha pa kutia sahihi. Kilonzo alishika kalamu lakini hakuandika.

"Nikuulize kitu, mama? Wewe uko hapa siku nyingi." Alikuwa anaangalia karatasi. "Bima wakipigia mtu simu, wanaangalia ID ama wanaangalia namba tu?"

Ndinda aliuliza kwa nini.

"Kwa sababu line ya simu ya babu ni mimi nilimsajilia. Na ID yangu. Kwa hivyo ukiangalia, Kilonzo ni mimi na Kilonzo ni yeye, namba mbili. Mama aliniambia bima ndio walimwambia babu. Nimewauliza, wanasema kwao wa kuambiwa ni Kilonzo peke yake. Nikajua basi walipiga hiyo line." Akaguna, kicheko kisicho na furaha. "Niliona nitamsaidia mzee asipange foleni. Sasa hiyo kitu ndogo hivyo, ndiyo iliua mama yangu. Sijaambia mtu. Hata mke wangu sijamwambia."

Ndinda hakuwa amejua hilo. Uongo wake alikuwa ameutupia kampuni, kitu kisicho na uso wala usingizi wa kupotea, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu ulikuwa umekaa kifuani kwa mtoto wa Wayua. Huyo huyo ambaye mama yake alitaka apewe yeye peke yake. Kwenye benchi, ng'ambo ya dirisha, ile leso ilikuwepo, na mara hii Ndinda aliinua uso na haikutoweka.

Alipiga magoti mbele ya kabati. Aliondoa boksi moja moja. Daftari lilikuwa na vumbi, akalipangusa kwa sketi yake, akafungua ukurasa bila kutafuta, akaliweka mbele ya Kilonzo na juu yake akaweka, kutoka kwenye faili ya Wayua, fomu ya idhini yenye mistari miwili ya buluu.

"Mama yako alikuwa anakuitaje?" akamuuliza.

"Nau," Kilonzo akasema. Halafu akaangalia fomu. Akaangalia lile dole gumba pana la babu yake, tarehe, na sahihi iliyo kando. Alisoma polepole kama anayesahihisha mtihani. Ndinda alisimama, viganja vimekunjwa, akamwambia mwenyewe kabla hajaulizwa: kwamba bima hawakumpigia mtu, kwamba line haikuhusika, kwamba yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye aliyetoa, na mama yake alipouliza, yeye ndiye aliyedanganya.

"Na babu hasomi," Kilonzo akasema.

"Nilimsomea mimi."

Kalamu ya Haroun ilikuwa imesimama. Kilonzo aliusoma tena ukurasa kuanzia juu.

"Babu yangu kuna mtu anamwombea kila asubuhi," hatimaye akasema. "Kabla ya chai. Anasema, Mungu, mkumbuke yule mwaitu aliyenisomea. Sisi tulikuwa tunadhani ni mtoto wa jirani, yule humsomea Biblia. Nikimuuliza nani alimpatia barua, anakataa kabisa. Anasema hawezi kufutisha kazi mtu aliyemfanyia mazuri. Mimi nikafikiri ni mtu wa bima." Akamwangalia Ndinda usoni kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe."

Ndinda alilia hapo, mbele ya Haroun na mbele ya dirisha lililo wazi, na kila aliyekuwa kwenye foleni akaona. Hakujificha. Kilonzo hakumnyamazisha. Alichukua fomu tupu ya idhini kutoka kwenye rundo, akaigeuza imwelekee Ndinda, akaisukuma upande wake pamoja na kalamu.

"Niandikie jina lako lote. Nimpelekee, ajue anamwombea nani. Nitamsomea mimi."

Ndinda aliandika jina lake, majina yote matatu, kwa mwandiko ule ule wa kisanduku cha nne. Kalamu ilipofika kwenye nafasi ya uhusiano ilisimama. Kilonzo alingoja. Mwishowe Ndinda akaandika maneno manne, Nilimpa baba asiyekuwa yeye, akamrudishia karatasi. Kilonzo aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Ripoti ya kurasa mbili aliiacha mezani bila sahihi. Akatoka bila kuaga.

Ndinda alipangusa uso kwa viganja vyake, akainua macho kwenye benchi. Alikuwa ametumaini kwamba sasa kiti kitakuwa kitupu. Wayua alikuwa pale pale, leso yake ya kijani mabegani, lakini hakuwa akilitazama dirisha tena. Alikuwa amegeuka mwili mzima kitini, anamwangalia baba yake akivuka uani kwa jua kali, mpaka alipofika getini.